Mimi ni polisi wa mji huku Marekani, mwaka wa tisa sasa. Ulizeni

Bin Korogwe (mtoa mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu. Wiki iliyopita kwenye uzi mmoja jamaa akaandika kwa kujiamini kabisa kwamba polisi wa Marekani wote wako chini ya Rais, wakiharibu Rais anawafukuza. Watu wakampigia makofi. Nikasema nikipata mapumziko nafungua uzi.

Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, sekondari nikasoma Tanga mjini. Huku nilifika 2007, nikabeba maboksi kama wengine, nikatunza wazee usiku, nikaapa uraia 2014, na 2016 nikavaa sare. Niko Ohio. Siyo Columbus, siyo Cleveland, na hapo hapo mkomee, sitataja mji wala jina.

La kwanza la kujua ni kwamba huku hakuna IGP, mkuu mmoja wa polisi wa nchi nzima. Nchi nzima ina vyombo vya polisi karibu elfu 18, na vingi havifikishi hata askari kumi. Mji una polisi wake. Kaunti ina sherifu wake, ambaye anapigiwa kura kama mbunge. Jimbo lina askari wake wa barabara kuu. Halafu ndiyo wanakuja wa serikali kuu, hao FBI mnaowaona kwenye sinema. Ohio peke yake ina kaunti 88, kwa hiyo hesabuni masherifu 88. Mimi mwajiri wangu ni mji. Mkuu wetu wa polisi anawekwa na uongozi wa mji, bajeti yetu inapitishwa na madiwani, na mshahara wangu unatoka kwenye kodi za watu haohao ninaowaandikia faini. Wananikumbusha sana hilo nikiwa nimesimama dirishani mwao.

Uzuri wake, sihamishwi. Hakuna barua ya asubuhi ya kukutoa Kigoma kukupeleka Mtwara wakati mke ana duka na watoto wako shule. Ubaya wake, mji ukiishiwa hela na wewe umeishiwa. Nikitaka kwenda mji wa jirani naomba kazi kama mtu mwingine yeyote.

Kazi yenyewe ni saa kumi kwa siku, siku nne, kisha napumzika tatu. Napewa eneo langu, gari, redio, na kompyuta humo humo garini. Mtu akipiga 911, namba ya dharura, tukio linanitokea kwenye kioo. Magari yamegongana. Kengele ya duka inalia, na mara nyingi ni upepo, au mfagiaji kasahau namba za siri. Mzee hajaonekana siku tatu. Mtoto kagoma kwenda shule, mama kaita polisi. Ndiyo, wanaita polisi kwa mtoto aliyegoma kwenda shule. Mara ya kwanza nilidhani natahiniwa.

Mnaongoja kufukuzana na risasi mtachoka mapema. Kati ya zile saa kumi, tatu nzima naandika.

Mtu wa Pasua

Ngoja kwanza mkuu. Polisi wa mji, mwajiri mji, madiwani... si ndiyo mgambo wa jiji huyo? Unakimbizana na machinga wa Ohio?

Kamau wa Gikomba

Kanjo! Wueh. Huku Nairobi ukisema askari wa jiji watu wanakunja mitumba wanatoroka kabla hujamaliza sentensi. Kumbe Marekani pia wako.

Bin Korogwe

Nimecheka hadi mke kaja kuuliza kuna nini. Hapana wakuu. Mgambo wetu wapo, ila ni idara nyingine: kazi yao kuangalia nani kaacha majani ya uani yamekuwa marefu, nani katupa friji bovu barazani. Wanakuandikia barua, ukipuuza unaenda mahakamani. Kwa majani! Mimi ni polisi kamili, nakamata, nabeba silaha, napeleleza makosa madogo, makubwa nawaachia wapelelezi wetu wa ghorofa ya juu. Jela tu ndiyo siyo yetu, ni ya sherifu. Nikishamkamata mtu nampeleka kwake, nasaini, naondoka.

Dada wa Makorora

Kaka hongera, Tanga hoyee. Mdogo wangu yuko Cincinnati na green card, anasema anataka kuomba hiyo kazi. Inawezekana bila uraia? Na mlipitia nini mpaka mkapata?

Bin Korogwe

Hoyee dada. Asome tangazo la idara husika, maana kila moja ina masharti yake na nyingi zinataka uraia. Yako majimbo yamelegeza. California tangu 2023 mwenye kibali halali cha kufanya kazi anaweza kuomba, na Illinois tangu Januari 2024. Idara yangu ilitaka uraia, nikaungoja.

Mchakato wangu ulichukua miezi kumi na moja. Mtihani wa kuandika, mbio na kuruka ukuta, usaili mbele ya watu watano wasiocheka, mashine ya kupima uongo, daktari wa akili mwenye maswali mia kadhaa ya ndiyo na hapana, daktari wa mwili, mkojo. Halafu kuna mpelelezi wa historia yako, huyu ndiye mtihani wenyewe. Alienda kwa majirani zangu wa nyumba tatu nilizowahi kupanga. Alimpigia bosi wangu wa ghala. Aliangalia madeni yangu, maana askari mwenye madeni wanamwona mlango wa rushwa.

Sasa akataka na mtu wa nyumbani anayenijua utotoni. Nikampa namba ya mjomba Tanga. Akapiga na mkalimani kwenye laini, huko kwetu ni saa tatu usiku. Mjomba anasikia sauti ya Kiswahili cha ajabu inasema tunapiga kutoka Marekani kuhusu mpwa wako, tunahitaji kukuuliza taarifa zake binafsi. Mjomba akajua hao ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akasema simjui huyo mtu, sina mpwa, na mkirudia nawapeleka polisi. Akakata.

Mpelelezi akaniita. Anko wako anasema hakujui. Ilibidi nimweleze mzungu yule historia yote ya utapeli wa simu Tanzania. Alipopiga mara ya pili nilikuwa nimeshaongea na mjomba, naye akanimwagia sifa mpaka zikapitiliza, eti nilikuwa naongoza darasa. Sikuwahi kuongoza darasa.

Baada ya hapo chuo, zaidi ya saa 700, sheria, shabaha, udereva, huduma ya kwanza. Kuna siku ya kupuliziwa pilipili machoni ili ujue unachowafanyia watu. Niliomba kurudi kutunza wazee. Ukitoka chuoni unakaa miezi na mkufunzi garini, anakuandikia alama kila siku, na ukifeli pale unarudi nyumbani na saa zako 700.

Stendi ya Zamani

Mshahara mkuu. Hapo ndipo penye uzi.

Bin Korogwe

Nilianza na dola 24 kwa saa, sasa niko 43. Ovataimu mara moja na nusu, na theluji ikidondoka ovataimu ipo. Mkopo wa nyumba, bima na watoto wawili vikishakula, nabaki mtu wa kawaida anayeendesha Toyota ya 2014. Uzuri uko kwenye pensheni. Ohio polisi na zimamoto wana mfuko wao, nakatwa asilimia 12.25, mji unaongeza 19.5. Kwa walioingia kipindi changu kustaafu ni umri wa miaka 52 na utumishi wa 25. Kwa hiyo mkuu, mgongo ukikubali.

Afande Mstaafu

Kijana hongera. Mimi nilipita depo Moshi 1983, nikastaafu nikiwa na nyota. Nina maswali mawili. Silaha unachukua ghalani kwa kusaini na kurudisha mwisho wa lindo, au vipi? La pili, upekuzi. Sisi tulikuwa na PGO, kanuni za kazi za jeshi la polisi, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Huko mnapekua kwa utaratibu gani?

Bin Korogwe

Shikamoo mzee. Silaha naenda nayo nyumbani, iko kwenye kasha la chuma ninapolala. Nimeichomoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kumpiga mtu, bado, na naomba iwe hivyo hadi hiyo miaka 52.

Upekuzi, mzee, umenigusa pazuri, kwa sababu kesi mbili ambazo polisi wa nchi hii nzima wanafundishwa zilizaliwa hapa Ohio, tena mji mmoja, Cleveland.

Ya kwanza, 1957. Polisi wanataka kuingia kwa mama mmoja, Dollree Mapp, wanamtafuta mtu wa kesi ya bomu. Akasema nionyesheni hati ya mahakama. Wakarudi baadaye, wakavunja mlango, wakapunga karatasi. Akainyakua karatasi akaichomeka kifuani, wakaichukua kwa nguvu, wakamfunga pingu. Mwishowe hawakumshtaki mama huyo kwa habari ya mtu wa bomu, wakamshtaki kwa vitabu na picha chafu walizokuta humo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na 1961 ikaamuliwa: ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu hauingii mahakamani, hata mahakama za majimbo. Kwa hiyo naweza kukukuta na kilo mbili, lakini kama nilifungua buti la gari lako bila haki, mwanasheria wako anazitupa zote nje, na mimi nabaki na karatasi zangu.

Ya pili, 1963. Mpelelezi mzee wa Cleveland, McFadden, anawaona watu wawili wanapita mbele ya dirisha la duka, wanachungulia, wanarudi kona, wanaenda tena, mara nyingi. Akahisi wanapima pa kuiba. Akawafuata, akawapapasa nje ya nguo, akakuta bastola. Mwaka 1968 mahakama ikasema ni halali, mradi askari anaweza kueleza kwa maneno ni nini hasa alichokiona. Hisia peke yake haitoshi. Lazima niandike: alifanya hivi, akageuka hivi, saa hii. Ndiyo zile saa tatu za kuandika.

Mahakamani mwanasheria anakuwekea video ya kamera yako ya kifuani, anasimamisha, anauliza: hapa afisa umeandika alionekana na wasiwasi, tuonyeshe wasiwasi uko wapi. Nimeshaachwa uchi hivyo mara moja. Siandiki tena neno wasiwasi.

Afande Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kupapasa nje ya nguo na sisi tulikuwa nayo, ila wakili hakuwa na video. Tungestaafu wachache.

Mpiga Kasia

Kiswahili kimewahi kukusaidia kazini au ndiyo kimekufa?

Bin Korogwe

Hii ngoja niieleze vizuri.

Mji wetu umepokea Wakongo wengi, wengi wamepitia kambi za Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chao nakielewa vizuri kuliko Kiingereza cha mwenzangu wa zamu. Askari wengine wakikutana nao wanapiga simu ya ukalimani, wanaweka spika, mkalimani yuko jimbo lingine, anasikia nusu. Vibaya zaidi wanamtumia mtoto. Umeitwa nyumbani kwa ugomvi wa mume na mke, halafu mtoto wa miaka tisa ndiye anakutafsiria baba kamfanya nini mama. Usifanye hivyo kamwe.

Jumamosi moja usiku, saa tatu, redio inasema kelele, watu zaidi ya hamsini kwenye ghorofa moja, jirani anasema ni pati na leo siku ya tatu. Mwenzangu ni kijana wa mashambani, mtu mzuri tu, ameshajiandaa kwa walevi. Tulipofika kwenye ngazi nikasikia wimbo, nikajua papo hapo. Viatu vimejaa mlangoni. Ndani wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, sufuria kubwa jikoni, picha ya marehemu mezani na mshumaa.

Nikavua kofia. Nikasema poleni sana na msiba.

Chumba kizima kikanyamaza. Walikuwa wameshaona sare, wameshaanza kutafuta vitambulisho. Bibi mmoja pembeni akaniangalia kuanzia buti hadi kichwani, akauliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia mimi wa Tanga, Tanzania. Akasema basi kaa. Nikakaa dakika tano, na sare na bunduki na redio inakoroma begani. Mwenzangu amesimama mlangoni haelewi. Baadaye nikamwambia hii siyo pati, watu wamekuja kulala na wafiwa. Akauliza, wote hawa? Nikamwambia na wengine wako njiani.

Nikaongea na mzee wa familia kwa pembeni, tukakubaliana nyimbo ziishe saa nne, baada ya hapo wasali kwa sauti ya chini. Nikamgongea jirani nikamweleza. Alisikia aibu sana, kesho yake akawapelekea keki. Kwenye kompyuta tukio linasomeka: kelele, wameshauriwa. Hakuna kisanduku cha msiba.

Dada wa Makorora

"Wewe mtoto wa nani." Nimelia jamani.

Fikra Huru

Hadithi tamu. Ila mtoa mada usitupakae asali. Cleveland hiyo hiyo unayoisifia kwa kesi, Novemba 2014 mtoto mweusi wa miaka 12, Tamir Rice, alipigwa risasi akiwa na bunduki ya kuchezea, gari la polisi halijakaa sawa. 2020 Minneapolis tumeona mtu anakandamizwa shingo. Wewe Mwafrika unavaaje sare hiyo? Hizo dola 43 zinalipia nini?

Mtoto wa Nyarugusu

Mimi sitaki kugombana na mtu, nataka kuuliza kwa wema. Tumezaliwa Kongo, tumekulia Nyarugusu, sasa tuko Michigan, Grand Rapids. Tarehe 4 Aprili 2022 hapa alisimamishwa Patrick Lyoya, Mkongo mwenzetu, miaka 26. Askari alisema namba za gari siyo za gari lile. Patrick akashuka kwenye gari. Askari akamwambia rudi ndani. Hakurudi. Wakashikana, akakimbia kidogo, wakagombania Taser, ile silaha ya shoti ya umeme, mwisho askari akiwa juu ya mgongo wake akampiga risasi ya kichwa. Video tumeiona wote. Baba yake aliongea mbele ya waandishi kwa Kiswahili, wakawa wanamtafsiria. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama halikukubaliana, na mwendesha mashtaka akasema harudii kesi.

Mama yangu anaendesha gari kwenda kazini kiwanda cha nyama saa kumi alfajiri. Tangu siku ile akiona taa za polisi nyuma, hata kama zinampita, anatetemeka. Swali langu ni moja. Kwa nini kushuka kwenye gari ni kosa? Kwetu ukisimamishwa si unashuka, unamwendea mkubwa, unamsalimia?

Bin Korogwe

Fikra Huru, nitakujibu kwanza kwa ufupi, halafu nimjibu huyu ndugu kwa urefu, maana yeye kauliza linalookoa.

Siisifii Cleveland. Ile ya Tamir Rice tuliitazama darasani mimi nikiwa kuruta, mwalimu akazima taa akawasha video, hakuna aliyekohoa. Gari lilisogezwa karibu mno, hakukuwa na muda wa mazungumzo yoyote. Mwaka 2015 mji ule ukasaini makubaliano na Wizara ya Sheria, ukawekewa msimamizi. Kuhusu nilivaaje: nilivaa kwa sababu ya pensheni na bima, mkuu, sikuwa na ndoto ya kubadilisha dunia. Ukiniuliza kama nimewahi kuona aibu nikiwa nayo mwilini, ndiyo. Mwaka 2020 nilisimama kwenye mstari na ngao, upande wa pili wanapita vijana wanaofanana na wanangu, mmoja ananiuliza swali lako hilo hilo. Sikuwa na jibu na hata leo sina la kukuridhisha.

Sasa ndugu wa Nyarugusu.

Umelisema mwenyewe. Kwetu trafiki akikupungia mkono, unaegesha, unashuka, unamfuata alipo. Ni adabu. Kukaa garini umekunja nne unangoja mkubwa akufuate dirishani ni dharau. Unashuka, shikamoo afande, mnaongea, mnayamaliza. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza huku nilisimamishwa nikashuka mbio natabasamu, leseni mkononi. Yule askari alirudi nyuma hatua tatu na mkono ukaenda kiunoni. Nilidhani ana kichaa.

Leo ndio mimi niko upande ule, naweza kusema anachokiona. Nchi hii silaha ziko kwenye magari. Hapa Ohio tangu Juni 2022 mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anabeba bastola mfichoni bila kibali chochote. Kwa hiyo kila gari ninalolisimamisha nalihesabu lina bastola mpaka nijue vingine. Anayeshuka ghafla, tumefundishwa, ni anayetaka kukimbia au anayetaka kupigana. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kwamba kuna wa tatu, anayetaka kusalimia. Mimi huwa ninawaambia kuruta ninaokaa nao garini: kuna wa tatu. Wengine wanaelewa, wengine wanaandika tu kwenye daftari.

Sitamtetea askari wa huko kwenu. Nitasema maoni yangu, na kazini wapo wasiokubaliana nami: mtu anayekimbia kwa miguu kwa kosa la namba za gari, na gari lake unalo, mwache aende. Utaomba hati, utamfuata kesho na watu wanne na kahawa. Namba za gari hazina thamani ya mweleka wa watu wawili, kwa sababu kwenye mweleka wangu wowote ule kuna bunduki moja tayari. Yangu.

Kwa mama, mweleze hivi, na samahani kwa urefu.

Akiona taa nyuma yake, awashe taa ya kugeuka, asogee kulia, asimame penye mwanga kama papo karibu. Kama hapapo, awashe zile taa za hatari na aende taratibu mpaka papatikane. Ashushe kioo. Mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vionekane. Abaki ndani, mkanda asifungue. Asianze kutafuta leseni kwenye mkoba kabla ya kuombwa, maana kwa nyuma mimi naona bega tu linainama na sijui linainamia nini. Akiombwa, aseme kwanza, leseni iko kwenye mkoba, naichukua. Kiingereza kikigoma aseme neno moja, "Swahili". Tunaita mkalimani, ni bure, asione haya.

Askari akigusa nyuma ya gari asishtuke, ni mazoea yetu ya kuhakikisha buti limefungwa. Akisimama nyuma kidogo ya mlango badala ya mbele yake, si dharau.

Akiambiwa shuka, hapo sasa ashuke. Mahakama ya Juu ilishasema 1977 kwamba askari anaweza kumwamuru dereva ashuke, hilo si la kubishania barabarani. Akiulizwa naweza kupekua gari, anaruhusiwa kusema hapana, kwa mdomo. Wakipekua hata hivyo, asizuie kwa mkono. Kamera inarekodi, hapana yake imeshaingia, wakili ataikuta. Ubishi wote unaenda mahakamani.

Na hela asitoe. Hata dola ishirini iliyokunjwa ndani ya leseni. Nimeshakutana nayo, kijana wa kwetu, kanikabidhi leseni na noti ndani, anatabasamu. Kosa lake lilikuwa taa moja ya nyuma imeungua, nilikuwa namwonya tu aende zake. Ile noti ni jinai kubwa. Nilimrudishia nikamwambia kwa Kiswahili, umeangusha hela yako, okota. Kamera ilikuwa inawaka, na maelezo niliyatoa kwa bosi wangu asubuhi yake. Siwezi kumwahidi mtu kwamba mwingine atafanya hivyo.

Mtu wa Pasua

Mgambo wa jiji nimefuta kauli.

Stendi ya Zamani

Swali la mwisho mkuu. Tukio gani limekukaa?

Bin Korogwe

Nitataja moja tu. Mtu kazidiwa na fentanili, dawa kali ya kulevya, chooni kwenye kituo cha mafuta, midomo ya bluu. Unampulizia dawa puani, unangoja, unampulizia tena. Akazinduka, akanitukana mama yangu kwa kumharibia. Ilikuwa saa tisa mchana. Saa mbili usiku nikampulizia tena, mtu huyo huyo, nyumba nyingine. Safari ile hakunitukana, aliniuliza saa ngapi.

Naingia zamu jioni, nitakuwa kimya hadi Alhamisi.

Mtoto wa Nyarugusu

Ahsante kaka. Nimemsomea mama yote, mara mbili. Tumeshuka naye hadi kwenye gari hapa kwenye maegesho, nimesimama nyuma na tochi ya simu mimi nikiwa polisi. Mara ya kwanza alifungua mlango. Mara ya pili alishusha kioo, mikono kwenye usukani, akanyamaza kimya, halafu akaniita, "We, njoo. Sasa nisimsalimie kabisa?"

Bin Korogwe

Mwambie asalimie. Akiwa amekaa.